Mzinga Pembeni mwa Kambi ya Malale

Mara ya kwanza usingizi uliponichukua mchana nilikuwa nimesimama wima, randa mkononi, mbele ya ubao wa mninga. Nilikuwa fundi seremala katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, miaka ile vita kuu ya pili ilipokuwa imekwisha na vijana wa kila kabila wakija kutafuta kazi ya shimoni. Mimi sikushuka shimoni. Nilikuwa juu, kwenye banda la maseremala, tukichonga nguzo za kushikilia kuta za mashimo, tukitengeneza milango, na mara nyingine majeneza. Siku hiyo nilisikia kinu cha kupondea mawe kikinguruma, kisha kikafifia, kama mtu anayeondoka huku bado anaongea. Nikajiona niko msituni kwetu Ushirombo, chini ya mti wa mtundu, nikimwangalia nyuki mmoja akitembea juu ya kidole changu. Alikuwa mzito, amebeba chavua ya manjano miguuni. Nilitaka kumwita babu aje aone. Nilipofumbua macho, msimamizi alikuwa ananinusa mdomo.

"Umekunywa nini asubuhi yote hii?"

"Uji, bwana."

"Uji gani huo unaomlaza mtu wima?"

Wenzangu walicheka. Nami nikacheka, nikaokota randa yangu kwenye maranda. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mwili wangu haukuwahi kunidanganya hata siku moja.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mrina asali, na ndiye aliyenifundisha nyuki. Nilipoanza useremala sikuhitaji asali ili niishi, lakini sikuweza kuiacha. Kila nilipopata likizo nilipanda baiskeli, siku mbili njiani, nikaenda kwetu kuangalia mizinga yangu msituni. Ilikuwa kumi na moja. Niliijua kila mmoja kwa sauti yake. Nilikuwa nikiweka sikio kwenye gome la mzinga, nikatulia, na humo ndani nikasikia kitu kama kanisa lililojaa watu wanaosali kimoyomoyo. Wengine walicheza mpira siku za mapumziko, wengine walicheza ngoma. Mimi nilikuwa na nyuki.

Lakini miti iliyobeba mizinga yetu ilikuwa pia nyumbani kwa mbung'o. Tangu utotoni walituuma, tukawapiga kofi, tukaendelea na safari. Mwaka ule mbung'o mmoja aliniuma nyuma ya bega, pakavimba kama jipu lisilotaka kuiva. Baadaye zikaja homa. Nikadhani ni malaria, nikameza kwinini, nikaendelea kuranda mbao. Kisha kichwa, kichwa kisichokoma. Kisha usingizi.

Baada ya kunikuta nimelala mara nne, msimamizi aliniambia nikapumzike kwetu mpaka nipate akili. Nakumbuka safari ile vipande vipande tu. Nakumbuka mchanga mwekundu, twiga aliyesimama barabarani kama mlingoti, na mimi nimelala kando ya baiskeli huku gurudumu likizunguka polepole. Hata leo sina hakika kama twiga yule alikuwapo.

Nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi, na si kwa sababu ya usingizi. Nilibadilika tabia. Mimi sikuwa mtu wa kupaza sauti, lakini nilianza kumfokea mama kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya mlango, kwa ajili ya kuku waliopita mbele yangu. Siku moja aliniletea chungu cha asali iliyotoka kwenye mizinga yangu mwenyewe, akisema labda itanirudishia hamu ya kula. Nikakitupa ukutani. Asali ikateremka ukutani taratibu, na mama akasimama akiitazama. Hakulia. Aliniangalia kama mtu anayemtafuta mwingine nyuma yangu.

Baba alikuwa mkulima wa maneno machache. Jioni ile alisema sentensi moja tu: "Huyu si mwanangu anayesema, ni ugonjwa." Alfajiri alinifunga kwa kanga ya mama kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli nisije nikaanguka, akaisukuma kwa miguu siku nzima na nusu ya siku iliyofuata.

Njiani palikuwa na kituo cha mbung'o. Siku zile kila aliyetoka porini alisimama pale, na mtu mwenye wavu mdogo alimzunguka, akiwanasa mbung'o mgongoni mwake na kwenye baiskeli yake, ili asiwapeleke vijijini. Yule mwenye wavu alinizunguka mara moja, akaacha kutazama mbung'o, akanishika shingo. Vidole vyake vilikuta vivimbe nyuma ya shingo, vigumu kama kunde.

"Mzee," alimwambia baba, "usimpeleke kwingine. Mpeleke kambini leo hii. Ni malale."

Nililisikia neno hilo kwa mbali sana. Kwetu kila mtu alilijua. Kulikuwa na vijiji vizima vilivyohamishwa kwa sababu yake. Lakini mimi niliona raha tu kwamba baiskeli imesimama na naweza kulala.

Kambi ilikuwa uwanja mkubwa uliofyekwa, upande wa Bukombe. Miti yote ilikuwa imeangushwa ili mbung'o wakose kivuli, ukabaki mti mmoja tu pembeni kabisa, ng'ambo ya bustani ya viazi. Kulikuwa na nyumba za udongo katika mistari miwili, zahanati ya bati, na kisima. Aliyesimamia wagonjwa alikuwa dresa, yaani mganga msaidizi, Msukuma wa Shinyanga, mtu mnene mwenye mikono miepesi. Daktari Mzungu alikuja kwa gari mara moja moja, akatazama damu yetu kwenye vioo vyake, akaondoka. Dresa ndiye aliyebaki nasi.

"Mwangaluka," alinisalimu kwa Kisukuma asubuhi ya kwanza, nami nikamwitikia, kwa kuwa Kisukuma kilifika hata kwetu. "Sasa utajikunja kama mtoto tumboni mwa mama yake. Nitakuchoma sindano mgongoni, nitoe maji kidogo. Ukitikisika, utaniumiza mimi moyo na wewe mgongo."

Maji yale yalionyesha kwamba ugonjwa umeshafika kichwani. Akanieleza bila kuzungusha maneno: nitachomwa sindano za mshipani wiki baada ya wiki, zitauma kama moto, wengine hupona, wengine hawaponi. Baba alisikiliza akiwa amevua kofia. Kisha akaniwekea mkono kichwani, akarudi kulima.

Siku za mwanzo kambini sizikumbuki kama siku. Zilikuwa kama maji ya dimbwi, hayaendi popote. Nililala jua likichomoza, nikalala jua likiwa utosini, na katikati nilikuwa si macho wala si usingizini. Nilimwona babu, aliyekwisha kufa, akipita mlangoni na mzinga begani. Nilisikia kinu cha mgodi kikiponda mawe chini ya kitanda changu. Ningeulizwa ni ndoto ipi na ni kweli ipi, nisingeweza kusema.

Ndipo nilipopigwa kwenye unyayo na kitu chepesi chenye kuwasha.

"Amka. Mchana si wa kulala."

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, kanga imefungwa kifuani, fungu la ukindu mkononi. Ndilo alilonipiga nalo. Yeye pia alikuwa mgonjwa, Mzinza kutoka Nkome, ziwani. Alikuwa ameingia kambini miezi kadhaa kabla yangu.

"Shikamoo, mama," nilisema, maana adabu ilikuwa bado inajua njia.

"Marahaba. Kaa kitako. Umekula?"

"Sijui."

"Hujui kama umekula! Haya, njoo nje. Ukirudi kulala nitakuja na fimbo ya kweli."

Barazani, upande wa kivuli, walikuwa wamekaa wanawake watatu na mzee mmoja, kila mmoja na kazi yake mikononi. Yule mama ndiye aliyekuwa amewakusanya. Walisuka mikeka kwa ukindu, majani ya mikindu iotayo kando ya mto, ambayo wake wa watumishi wa kambi waliwaletea. Kwanza huchanwa kuwa nyuzi nyembamba, nyingine huchemshwa na matope meusi ya kinamasi, nyingine na mizizi itoayo rangi nyekundu. Kisha husukwa utepe mrefu, ambao yeye aliuita ukili, na tepe hizo ndizo hushonwa pamoja zikawa mkeka.

"Mama, hii ni kazi ya wanawake," nilisema.

"Na kulala mchana ni kazi ya nani?"

Mzee yule alicheka mpaka akakohoa. Nikapewa ukindu nichane. Mikono yangu ilitetemeka, na nilichana vibaya, vipande vinene huku na vyembamba kule. Mtu niliyekuwa nikichonga mlango ukafunga bila kuacha mwanya, leo nashindwa na jani! Machozi yalinitoka kwa hasira. Mama wa Nkome alijifanya hajaona. Alichukua vipande vyangu vibovu, akavisuka hivyo hivyo.

Nikawa nakwenda barazani kila siku. Alikuwa na sheria zake. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, wote wanaoweza kusimama watembee mpaka kisimani na kurudi, hata kama ni kwa kushikana mabega. Kisha kusuka. Baada ya uji wa mchana, hadithi, na kila mtu lazima aseme yake, hata ikiwa fupi. Niliwahi kusinzia katikati ya hadithi yangu mwenyewe, nikaimalizia ndotoni, na nilipoamka nikawauliza kwa nini hawacheki.

Mara nyingi nilishika ukili, nikasuka urefu wa vidole viwili, usingizi ukanibeba. Humo nilikuwa nimekwisha panda mti, kamba kiunoni, moshi wa majani mabichi ukinizunguka, na nyuki wakipanda juu yangu kama mvua inayorudi mbinguni. Nilipoamka ukili ulikuwa bado mkononi mwangu, lakini ulikuwa umerefuka kuliko nilivyouacha. Kwa siku kadhaa niliamini kwamba nasuka usingizini. Kisha nikamwona mama wa Nkome akiuachia upande wa pili na kutazama kando.

Sitaki kudanganya. Mkeka haukuniponya. Sindano ndizo zilizoniponya, zile sindano zilizopita mshipani kama kaa la moto mpaka nikauma kanga ya mama. Na mzee yule wa barazani, aliyesuka vizuri kuliko sisi wote, alifariki kabla ya mavuno. Alikuwa ametembea kisimani asubuhi ile ile. Lakini siku aliyokufa alikuwa mtu mwenye kazi iliyombakia, na tuliimaliza sisi, tukamzika ndani ya mkeka wake. Najua tofauti ya kulala kama gogo na kulala huku kuna kitu kinakungoja ukiamka. Nililala kwa namna zote mbili.

Usingizi ulipoanza kupungua kidogo, niliwataka nyuki wangu. Nilimwomba dresa aniruhusu niende mpaka ukingo wa msitu, nikasikilize tu.

"Msitu ndio uliokuleta hapa," alisema. "Hapana."

"Basi nipe tezo."

"Tezo ya nini? Unatetemeka."

"Nitachonga nimekaa. Magogo yako haya yamelala bure."

Kwao Shinyanga, alisema, miti ni michache sana hata mzee wake hakuwahi kumiliki mzinga, lakini alikuwa na ng'ombe aliowaimbia majina yao. Kesho yake alikuja na tezo na patasi kutoka kwa fundi wa kambi.

Kwetu mizinga mingi huwa ya gome, lakini gome linataka mti mzima na mtu mzima. Mimi nilichagua kipande cha gogo la mtundu kilichoachwa na wafyekaji, nikaanza kukitoboa ndani. Nilipiga tezo mara kumi, nikapumzika. Mara kumi, nikapumzika. Siku nyingine nilipiga mara tatu tu, nikalala juu ya gogo, shavu kwenye mti, na harufu ya mti mbichi ikaingia ndotoni. Kazi ambayo zamani ningeimaliza kwa siku mbili ilinichukua wiki nyingi. Sikujali. Ilikuwa mara ya kwanza kuchonga kitu bila kufikiria kitaisha lini.

Mama wa Nkome alisogeza baraza lake likawa karibu na gogo langu, ili anione nikizidiwa. Hapo ndipo nilipoona jambo. Asubuhi moja alinyoosha mkono kuchukua chane ya ukindu iliyokuwa mbele yake, mkono ukapita pembeni. Akanyoosha tena. Ukapita tena. Akaweka mikono mapajani.

"Mama, kuna nini?"

"Kuna ukungu," alisema. "Nilidhani ni wa asubuhi. Lakini umekaa siku nne."

Dresa alipomchunguza, uso wake ulibadilika. Dawa ile ile iliyofukuza usingizi ilikuwa na ubaya wake, na kwa wengine iliingia machoni. Akamkatizia sindano zile mpaka daktari aje. Daktari alimbadilishia dawa, lakini ukungu haukurudi nyuma. Aliona mwanga, aliona mtu amesimama, lakini sura na rangi vilimpotea.

Kwa siku mbili hakutoka ndani. Siku ya tatu nilienda mlangoni kwake na fungu la ukindu. Sikuthubutu kumpiga nalo unyayo, kwa hiyo nikakaa kizingitini.

"Mama, njoo nje. Watu wanasinzia."

"Waache wasinzie. Nitasuka nini nisichokiona?"

"Vidole vyako vinaona. Rangi nitakutajia mimi."

"Wewe? Wewe unayelala katikati ya neno?"

"Nitajitahidi, mama."

Akacheka kwa shida, kisha akatoka. Tangu siku hiyo nilikaa kushoto kwake. Alisuka haraka kama zamani, kwa kuwa mikono yake haikuhitaji macho, ila alipofika kwenye rangi alisimama na kuuliza: "Hii?" Nami nilisema: "Nyeusi." "Hii?" "Nyekundu." "Hii?" "Haina rangi, mama." Ilibidi niwe macho. Nilipiga tezo kwa mkono wa kulia, sikio likimsubiri yeye. Nilijifunza kuusikia usingizi ukija, kama mtu anavyosikia nyayo uani, na kumwambia, "Mama, unakuja," naye alinifinya mkono au kuniimbisha wimbo mpaka upite.

Siku moja haukupita. Nilijibu huku nimezama, na kumbe kila rangi aliyoniuliza nilimwambia ni nyekundu. Niliota niko katika shamba la maua mekundu yasiyo na mwisho, na mtu ananiuliza jina la kila ua. Nilipoamka, mstari uliotakiwa uende mweusi kwa mweupe ulikuwa umevurugika urefu wa mkono mzima. Niliona aibu kubwa, nikamwambia ukweli.

Alipitisha kidole juu ya kosa lile kana kwamba angelihisi. "Ni pabaya sana?"

"Ni pabaya, mama. Nifumue?"

"Usifumue. Nani kambini hapa hana mahali palipovurugika? Endelea. Hii?"

"Nyeusi. Nyeusi kweli."

Mzinga ulipokwisha, baba alikuwa amekuja kunitazama na kapu la mihogo. Nilimwita dresa, na pale yakatokea mabishano. Dresa aliogopa nyuki. Alisema wagonjwa wake wana maumivu ya kutosha, hawahitaji ya ziada. Baba, mtu wa maneno machache, alisema, "Mwanangu alitupa asali ukutani. Sasa ametengeneza mzinga. Mimi naona amepona nusu." Dresa akakuna kichwa. Mwishowe tulikubaliana utundikwe kwenye ule mti mmoja uliobaki, ng'ambo ya bustani ya viazi, mbali na nyumba. Baba alipanda mwenyewe. Mimi nilishika kamba chini, nikiwa nimejaa wivu kama mtoto.

Nilipaka nta ya zamani mdomoni mwa mzinga, kama babu alivyonifundisha. Kisha tukangoja. Mwezi ulipita. Kila siku nilitembea mpaka bustanini, nikakaa kwenye tuta la viazi, nikautazama. Safari hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya kisimani, nami niliongeza hatua bila kujua kwamba naongeza. Mama wa Nkome alikuja nami, mkono wake begani kwangu, akisema anataka kuhisi jua la upande ule.

Walikuja mchana mmoja wa joto, wakati wa maua ya mtundu. Tulikuwa tumekaa pale pale bustanini, na mimi nilikuwa katika ile hali yangu ya katikati. Yeye ndiye aliyewasikia kwanza.

"Kuna gari?" aliuliza.

Nikasikiliza. Halikuwa gari. Niliinua macho, nikaona anga upande wa msitu limepata doa, doa likawa wingu, na wingu likaja likizunguka juu ya viazi, likipanuka na kujikunja kama kitambaa kinachofuliwa. Sauti ilijaa kila mahali. Upande wa nyumba watu walipiga kelele, nikamsikia dresa akiwaambia wote walale chini. Sisi hatukulala. Nyuki walipita juu yetu karibu sana hivi kwamba upepo wao ulinigusa masikio. Wachache walitua kwenye kanga ya mama wa Nkome, wakatembea, wakaondoka. Kisha wingu lote likaanza kuingia mlangoni mwa mzinga, polepole, kama maji yanayorudi ndani ya mtungi.

Nilikuwa nimeota jambo hilo mara nyingi sana hata nikaogopa. Nikamshika mkono.

"Mama, niko macho?"

"Mimi siwaoni vizuri," alisema, "lakini nawasikia. Kama ni ndoto, basi tunaota wote wawili, na yule dresa anayelala kifudifudi kule naye anaota."

Hakuna mgonjwa aliyeumwa siku ile. Dresa aliumwa mara moja, kwenye sikio, na alitueleza habari za sikio hilo kwa wiki nzima.

Niliondoka kambini baada ya maji ya mgongo wangu kuonekana safi mara mbili mfululizo. Mkono wa kushoto uliendelea kutetemeka, na mguu mmoja ukawa mzito kidogo, hata leo. Useremala wa mgodini uliniishia, kwa sababu nani atampa msumeno mtu anayetetemeka? Nilirudi Ushirombo. Siku ya kwanza nilimwomba mama msamaha. Alisema hakumbuki chungu chochote. Nilitengeneza mizinga, sasa karibu na nyumba, mashambani, mbali na pori la mbung'o. Watu walisema nyuki hawakai karibu na nyumba. Walikaa.

Mama wa Nkome alibaki kambini miezi kadhaa zaidi, kisha nduguze walimchukua. Nilipata habari zake kwa wasafiri tu: yuko hai, haoni vizuri. Kiangazi cha mwaka uliofuata nikapanda baiskeli. Nilipumzika kila nilipochoka, na nilichoka mara nyingi. Nilifika Nkome siku ya tano, nikiwa na asali kwenye kibuyu.

Sikuwahi kuliona ziwa kwa karibu. Ufukwe mzima ulikuwa unang'aa kwa dagaa walioanikwa, na nilisimama nikidhani macho yangu yameanza kuharibika. Nikauliza nyumba yake. Wakaniambia nyumbani hayupo, yuko majini.

Kulikuwa na mahali palipozungushiwa uzio wa miti, ndani ya maji, ili mamba wasiingie. Humo ndani kichwa kimoja kilikuwa kinakwenda na kurudi, taratibu, kutoka uzio mpaka uzio. Wanawake waliokuwa wakifua walisema anafanya hivyo kila asubuhi, amekatazwa na nduguze, hasikii.

"Shikamoo, mama!" nilipaza sauti.

Kichwa kikasimama. "Marahaba. Sauti hiyo naijua. Umekuja kwa miguu?"

"Kwa baiskeli."

"Peke yako?"

"Peke yangu, mama."

Aliogelea mpaka uzio wa upande wangu, maji yakimpiga kidevuni. Kisha akasema, "Vua viatu uingie."

"Mimi ni mtu wa msituni. Sijui kuogelea."

"Na mimi nilikuwa sijui nyuki. Ingia mpaka kifuani, ushike mti wa uzio. Maji hayataki mtu anayeona wala mtu asiyetetemeka. Yanakubeba tu."

Niliingia. Maji yalikuwa ya uvuguvugu juu na baridi chini. Mguu wangu mzito ukawa mwepesi, na mkono wangu, ulipoachwa ndani ya maji, uliacha kutetemeka, au labda ziwa ndilo lilitetemeka pamoja nao nisiweze kutambua. Nilishika mti kwa mkono mmoja, yeye akanishika kiwiko, akanifundisha kupiga miguu. Nilikunywa maji mengi. Wale wanawake waliokuwa wakifua walitucheka waziwazi.

Nilikaa kwake siku nne. Siku ya nne niliweza kutoka uzio mmoja mpaka wa pili bila kushikwa, kwa fujo nyingi, naye akinifuata nyuma kwa kusikiliza ninavyopiga maji. Aliishi miaka tisa baada ya hapo, na kila kiangazi nilipoweza nilikwenda.